Hospitali isiyo na pesa ya mshahara hutoa wapi pesa ya wakala?

Swali

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni nesi. Nilifanya kazi miaka sita katika hospitali ya kaunti magharibi mwa Kenya kabla ya kuja Uingereza. Sasa niko mwaka wa tatu katika hospitali ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, wadi ya wagonjwa wa kiharusi, Daraja la 5 la mshahara. Jumatano usiku iliyopita tulikuwa manesi watatu, wawili kati yetu wa wakala, yaani wa kampuni inayokodisha manesi kwa zamu. Mmoja hakujua troli ya dharura iko wapi, wala hakuwa na nywila ya mfumo wa dawa, kwa hiyo dawa za wagonjwa wake wote nilizitoa mimi. Asubuhi tukibadilisha nguo akaniambia analipwa karibu mara mbili yangu kwa saa. Nilinyamaza. Mwezi huo huo tulikuwa tumeambiwa hospitali haina pesa. Naomba unieleze: kama ya kutuongeza haipo, ya wakala inatoka wapi? Na je, niache kazi nami nihamie kwa wakala? Tena nina mdogo wangu amemaliza uuguzi KMTC, chuo cha tiba cha serikali huko Kenya, yuko nyumbani bila kazi, ananisubiri nimwambie aje au asije.

Jibu

Dada, pole kwa usiku ule, na asante kwa kuuliza bila kumlaumu mwenzako. Mimi nimelijua jambo hili kutoka upande wa pili. Baada ya miaka ya wadini nilihamia ofisi inayopanga zamu, kwa hiyo ile simu ya saa kumi na moja jioni ya kuomba nesi wa wakala nimeipiga mwenyewe mara nyingi.

Kwa ufupi, pesa ya wakala hutoka kwenye mshahara wa mtu ambaye alipaswa kuajiriwa na hakuajiriwa, na hiyo ikiisha hutoka kwenye nakisi ya hospitali. Na kazi yako usiiache. Sababu nitazitoa, na ya kwanza ni viza yako.

Mshahara wako haupangwi na hospitali. Tangu 2004 karibu watumishi wote wa NHS, ukiondoa madaktari na wakurugenzi wa juu, wamo katika mfumo mmoja wa madaraja uitwao Agenda for Change. Kila mwaka bodi ya kupitia mishahara hutoa pendekezo, kisha serikali ndiyo inayoamua. Uamuzi huo mmoja unagusa watu zaidi ya milioni moja England peke yake, ndiyo maana Wizara ya Fedha hung'ang'ania hata nusu asilimia. Zamu ya wakala haifiki kwenye meza hiyo kabisa. Inaamuliwa na metroni wa zamu ya jioni mwenye wagonjwa 28, nesi mmoja na msaidizi mmoja, anayejua kwamba mgonjwa akidhurika usiku huo yeye ndiye atakayeitwa kujieleza. Metroni huyo hawezi kusema tungoje bajeti. Atapiga simu, na atakuwa amefanya sawa. Maamuzi kama hayo hufanywa maelfu kwa maelfu kila wiki, kila moja lina sababu njema, na mwisho wa mwaka yanakuwa mabilioni. Anayebana mshahara haioni ankara ya wakala, na anayesaini ankara ya wakala hana ruhusa ya kugusa mshahara.

Zamu yenyewe huanza safari yake mapema. Rota, yaani ratiba ya zamu, hutoka wiki kama sita kabla. Nafasi ya aliyeacha kazi, ya aliye kwenye likizo ya uzazi, ya mgonjwa wa muda mrefu, zote zinaonekana wazi kwenye skrini. Kwanza zamu hutangazwa kwa benki, yaani orodha ya watu wa hospitali yenyewe wanaotaka zamu za ziada kwa viwango vya NHS. Hospitali nyingi zina benki yao, nyingine hutumia NHS Professionals, kampuni inayomilikiwa na Wizara ya Afya. Benki ikikosa mtu, zamu hupelekwa kwa mawakala walio kwenye orodha iliyoidhinishwa, ambao bei zao zimekwisha kujadiliwa. Wakikosekana nao, na sasa ni siku yenyewe ya kazi, kwa miaka mingi hatua iliyofuata ilikuwa mawakala walio nje ya orodha, na hao walitaja bei waitakayo. Zamu iliyoonekana wazi wiki nne kabla ingejazwa kwa bei ya kawaida. Zamu hiyo hiyo, zikiwa zimebaki saa nne tu ianze, ina bei ya dharura. Sehemu kubwa ya pesa inayokuudhi ni malipo ya kuchelewa: mtu alijua tangu mwezi uliopita kwamba nafasi iko wazi, na tangazo la kuijaza lilikuwa bado linasubiri saini ofisini.

Sasa tuipigie hesabu saa yako ya Jumatano usiku. Kwa viwango vya England vya 2025/26, Daraja la 5 linaanza na pauni 31,049 kwa mwaka, mwenye miaka miwili hadi minne yuko kwenye 33,487, na akitimiza minne hupanda hadi 37,796. Wewe uko ngazi ya kati. Kwa wiki ya saa 37.5 hiyo ni kama pauni 17.10 kwa saa. Usiku wa siku za kazi huongezwa asilimia 30, kwa hiyo saa yako ilikuwa kama pauni 22.25. Mwajiri analipa zaidi ya hapo. Anachangia pensheni yako asilimia 23.7, analipa bima ya taifa asilimia 15 ya mshahara wako unaozidi pauni 5,000, na anakulipa wiki saba za mwaka ambazo uko likizoni au ni sikukuu. Ukiyajumlisha, saa yako ile moja inaigharimu hospitali kama pauni 35.

Kikomo cha bei ya wakala kilichowekwa Aprili 2016 ni asilimia 55 juu ya kiwango cha mwajiriwa. Kwa saa yako hiyo inatoka kama pauni 34 na nusu. Yaani wakala akilipwa ndani ya kikomo, hospitali inatumia karibu kiasi kile kile inachotumia kwako. Kikomo kilipangwa hivyo makusudi, ili pesa ile itoshe gharama za mwajiri na ada ya wakala, na nesi mwenyewe asipate zaidi ya mwenzake wa kudumu. Kama mwenzako analipwa mara mbili yako mkononi, basi zamu ile ilivuka kikomo. Kanuni zenyewe ziliacha mlango: hospitali inaweza kukivuka pale usalama wa wagonjwa unapokuwa hatarini. Wadi yenye nesi mmoja usiku iko hatarini kila mara, kwa hiyo mlango ulikuwa ukifunguliwa mara kwa mara.

Yeye naye usimwone kama amekula chako. Kiasi alichokutajia huenda kina malipo yake ya likizo ndani. Pensheni yake ni ile ya kima cha chini cha sheria. Akiugua hana mshahara kamili, ana posho ya kima cha chini cha sheria tu. Zamu yake inaweza kufutwa saa mbili kabla, akiwa ameshamlipa mtu wa kumwangalia mtoto. Wengi wa manesi wa wakala niliowajua walikuwa akina mama waliokimbia rota isiyowapa nafasi ya kumpeleka mtoto shule, na wakala ndiye pekee aliyewauliza unataka kufanya kazi siku gani. Tangu Oktoba 2011 sheria inasema mtu wa wakala akitimiza wiki 12 mahali pamoja katika kazi ile ile anastahili malipo ya msingi sawa na mwajiriwa. Katika uuguzi sheria hiyo haina maana kubwa, kwa sababu tatizo limegeuka kichwa chini: anayelipwa kidogo kwa saa ni mwajiriwa.

Hasara ninayoiona mimi haiandikwi kwenye ankara yoyote, nayo ndiyo uliyoibeba usiku ule. Nesi wa wakala anafika saa moja na nusu jioni. Hana nywila ya mfumo wa dawa. Hana kadi ya kufungua chumba cha dawa. Hata kama ametoa dawa za mshipa kwa miaka kumi, mara nyingi haruhusiwi kuzitoa hapa mpaka hospitali hii ithibitishe ujuzi wake. Hajui namba ya kumwita daktari wa zamu. Kwenye wadi ya kiharusi kuna jambo ambalo wewe unalijua kwa macho: bango lililo juu ya kitanda la kwamba mgonjwa huyu hajapimwa kumeza, asipewe hata tone la maji kwa mdomo. Mgeni anayeombwa maji na mzee aliyelala kitanda cha nne, na ambaye hakuoneshwa bango hilo, anaweza kumwua kwa wema. Kwa hiyo unaangalia wagonjwa wako, unatoa dawa za wagonjwa wake, na jicho moja liko kwa mzee wa kitanda cha nne. Hakuna mahali kazi hiyo inapolipwa. Kinachofuata ni kwamba wewe unachoka, unaacha kazi, nafasi yako inajazwa na wakala, na anayebaki anabeba wawili.

Mambo hayakuanzia wadini kwako. Serikali iliyoingia 2010 iligandisha mishahara ya watumishi wa umma kwa miaka miwili kuanzia 2011, kisha ikaweka kikomo cha asilimia 1 kwa mwaka hadi 2017. Wakati huo huo nafasi za mafunzo ya uuguzi zilipunguzwa. Februari 2013 ikatoka ripoti ya Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa walitelekezwa kwa kiwango cha kutisha, na moja ya sababu ilikuwa kwamba wauguzi walipunguzwa ili hesabu za fedha zikae sawa. Baada ya ripoti hiyo kila hospitali England ilitaka wauguzi zaidi kwa mpigo mmoja, na wauguzi hawakuwepo, kwa kuwa hawakusomeshwa. Muuguzi husomeshwa miaka mitatu, na wakala anapatikana jioni hiyo hiyo. Ankara za wakala zikapita pauni bilioni 3 kwa mwaka, na ndiyo sababu vikomo vya bei vikaanza Novemba 2015.

Ungedhani somo lilishika. Mwaka 2017 ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi England ikafutwa, wakaambiwa wakope, na ilipofika 2020 ikabidi warudishiwe angalau pauni 5,000 kwa mwaka. Ikaja korona. Katika vuli ya 2022 nafasi wazi za wauguzi England zilizidi 47,000, na Oktoba mwaka huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, ilhali nyongeza ya mwaka ule kwa walio wengi ilikuwa pauni 1,400 tu. Tarehe 15 na 20 Desemba 2022 chama cha wauguzi cha Royal College of Nursing (RCN), kilichoanzishwa 1916 na kisicho na mazoea ya kugoma, kiliwatoa wanachama wake nje kwa mgomo mkubwa kuliko wote katika historia yake. Katika mwaka huo wa fedha wa 2022/23, NHS ya England ilitumia karibu pauni bilioni 3.5 kwa wafanyakazi wa wakala, madaktari wakiwemo. Kwa hiyo nikiulizwa kama kubana mshahara kuliokoa pesa, nasema hapana. Pesa ilitoka kwa dirisha jingine, bei ikiwa juu zaidi, na wauguzi wazoefu wakaondoka nayo.

Wewe umeuona pia upande wa Kenya, na nadhani ndiyo maana jambo hili linakuuma zaidi. Huko tatizo si lile lile. England ilikuwa na nafasi nyingi zisizo na watu. Kenya ina wauguzi waliosoma, wamesajiliwa na wamekaa nyumbani, kama mdogo wako, huku wadi ya kaunti ina nesi mmoja usiku. Kinachokosekana ni nafasi iliyotengewa bajeti. Tangu huduma za afya zihamie kaunti mwaka 2013, kila kaunti hubeba mishahara yake, na baadhi hukwepa mzigo huo kwa mikataba mifupi. Wauguzi waligoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, miezi mitano, juu ya mkataba wa malipo. Mwaka 2020 serikali ikaajiri wahudumu wa UHC, mpango wa afya kwa wote, kwa mikataba ya miaka mitatu, ikaongezwa na kuongezwa, na mwaka 2025 hao walipiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya Nairobi, wakidai ajira ya kudumu yenye pensheni, kwa sababu walilipwa kidogo sana kuliko wenzao wa kazi ile ile. Angalia tofauti: England mtu wa muda ni ghali kuliko wa kudumu, Kenya ni rahisi. Kote kuwili mwenye bajeti anakwepa kitu kimoja, kuahidi nafasi ya mtu kwa miaka thelathini.

Sasa turudi kwako, kwa sababu hali imebadilika tangu mwenzako aanze kazi ya wakala. Tangu Julai 2024 hospitali za England zimeambiwa zisitumie tena mawakala walio nje ya orodha. Kwa mwaka wa 2025/26 kila hospitali iliagizwa ipunguze matumizi ya wakala kwa asilimia 30 au zaidi, na ya benki kwa asilimia 10. Katika mwaka wa 2024/25 ankara ya wakala ilikuwa imeshashuka kwa karibu pauni bilioni moja. Serikali pia ilitangaza Novemba 2024 nia ya kuzuia mtu kuacha kazi NHS kisha kurudi NHS hiyo hiyo mara moja kupitia wakala. Maana yake kwa mtu anayefikiria kuhama leo ni kwamba anaingia soko linalofungwa. Zamu zile nono za 2022 hazipo tena kwa wingi ule.

Napenda ankara hiyo ikishuka, lakini kila nikisikia takwimu yake huuliza zamu hizo zimejazwa na nani. Kama zimejazwa na waajiriwa wapya, vizuri sana. Kama nafasi zimefutwa kwenye karatasi ili zisionekane kuwa wazi, basi zamu imejazwa na wewe. Kiangazi cha 2025 wahitimu wa uuguzi wa hapa hapa Uingereza walilalamika kwamba hawapati kazi, hadi Agosti serikali ikatoa ahadi maalumu ya kuwatafutia nafasi. Nchi iliyokuwa ikitafuta wauguzi Kerala, Manila na Nairobi miaka mitatu nyuma imefika mahali haiwezi kuwaajiri waliosoma kwake. Upungufu wa wagonjwa haupo. Upungufu wa bajeti ya nafasi upo, na katika hilo England imeanza kufanana na kwetu kuliko inavyopenda kukiri.

Kuhusu viza. Uko kwenye viza ya wahudumu wa afya, na mdhamini wako ni hospitali. Ukiiacha kazi hiyo, kwa kawaida unapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Wakala hawezi kuwa mdhamini huyo kwa kazi ya kukupeleka wadi hii leo na ile kesho, kanuni za uhamiaji zinakataza. Unaruhusiwa kazi ya nyongeza hadi saa 20 kwa wiki ukiwa bado kwenye kazi ya mdhamini wako, lakini kabla hujagusa saa hata moja nje ya hospitali yako, uliza kwa maandishi ofisi ya rasilimali watu na utunze jibu lao. Nimeona watu wema wakipata shida kwa sababu waliambiwa na mwenzao kantini kwamba inaruhusiwa.

Pensheni watu huipuuza kwa kuwa haionekani. Katika mfumo wa 2015 kila mwaka unaofanya kazi unakuwekea sehemu moja ya 54 ya mapato yako, nayo hupandishwa kila mwaka kwa mfumuko wa bei na asilimia 1.5 juu yake maadamu uko kazini. Kwa mshahara wako wa msingi peke yake, mwaka mmoja unakujengea kama pauni 620 za kila mwaka wa uzeeni, maisha yako yote. Umeshapita miaka miwili, kwa hiyo haki hiyo ni yako hata ukirudi Kenya, na hulipwa hata ukiwa huko. Hakuna wakala anayekupa hivyo. Na wale wanaojitoa kwenye pensheni ili mshahara wa mkononi unone, wakiwa na hamu ya kutuma nyumbani, nawasihi wafikiri tena. Najua karo haingoji, lakini wanakataa asilimia 23.7 ya mwajiri.

Kuna pesa nyingine iko karibu zaidi kuliko unavyofikiri. Mwaka wako wa nne ukitimia, ngazi inapanda kwa zaidi ya pauni 4,300 kwa mwaka. Hakikisha tarehe hiyo imeandikwa sahihi na mazungumzo ya tathmini na msimamizi wako yamefanyika mapema, kwa sababu ngazi haipandi kimyakimya, fomu isipojazwa unaweza kungoja. Kisha uliza kuhusu ile miaka sita ya Kenya. Kitabu cha masharti ya kazi kinampa mwajiri hiari ya kuhesabu utumishi wa nje ya NHS unaohusiana na kazi. Hiari maana yake anaweza kukataa, lakini wengi hawajaulizwa kabisa. Miaka mitano ya utumishi inapandisha likizo kutoka siku 27 hadi 29, na kumi hadi 33, na hesabu hiyo pia huamua mshahara wa siku za ugonjwa. Nenda na barua ya utumishi kutoka kaunti yenye tarehe za kuanza na kuacha. Kama hukuibeba, mwombe ndugu aifuatilie sasa.

Kwa viwango hivyo vya 2025/26, Daraja la 6 linaanzia pauni 38,682. Uliposimamia zamu ile yenye watu wawili wa wakala ulikuwa ukifanya kazi inayokaribia hiyo. Wauguzi wengi wa kutoka Afrika na Asia hukaa Daraja la 5 miaka mingi wakiwafundisha wanaowapita, na hilo linaniumiza kuliko ankara yoyote. RCN inadai kila muuguzi apande kutoka 5 hadi 6 bila kuomba, akishapata uzoefu. Sijui mtu aliyewahi kusimamia wadi usiku anayeona dai hilo ni kubwa mno. Mpaka litimie, andika. Kila unaposimamia zamu, weka tarehe, idadi ya wagonjwa na ulichofanya. Na kila zamu inayoenda chini ya idadi salama, jaza ripoti ya tukio kwenye mfumo wa hospitali kabla ya kwenda kulala, hata kama hakuna aliyedhurika. Andika mambo yalivyo: manesi watatu, wawili wa wakala, mmoja hana nywila, dawa za wagonjwa wake wote zimetolewa na mwingine. Usitaje jina la mwenzako kama mkosaji, taja kwamba hakupewa nywila. Ripoti hizo ndizo metroni anazobeba mkutanoni kuomba nafasi ijazwe, na pasipo hizo anaambiwa mbona wadi inakwenda vizuri.

Ukitaka pesa ya ziada, anza na benki ya hospitali yako, wadi unayoijua. Zamu moja au mbili kwa mwezi, si nne kwa wiki. Na kama shida yako ni rota, kuomba mpangilio nafuu wa saa ni haki yako tangu siku ya kwanza ya kazi.

Mdogo wako. Asimlipe mtu yeyote anayemwahidi kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee Uingereza. Kwa sheria ya Uingereza wakala wa ajira haruhusiwi kumtoza mtafuta kazi ada ya kumpatia kazi, na njia ya watunza wazee ilifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje tarehe 22 Julai 2025, ingawa wapo wanaoendelea kuiuza. Uuguzi bado uko wazi, kwa mkataba wa serikali mbili wa Julai 2021, ila nafasi ni chache kuliko ulipokuja wewe. Afanye yale yasiyopotea hata asiposafiri: alipie leseni yake ya Kenya kila inapokwisha, atafute zamu za muda (locum) hata hospitali ndogo ili mikono isilale, na afanye mtihani wa Kiingereza akiwa tayari, IELTS ya 7 na kwenye kuandika 6.5, au OET. Wengi wanaanguka kwenye kuandika, siyo kwenye uuguzi, kwa hiyo msaidie hapo: akutumie barua moja kila wiki, uisahihishe, umrudishie.